Wifi Yangu na Chembe ya Kosa

Wifi yangu si mtu rahisi. Naanza na hilo asije mtu akasema namsifia kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Sijawahi kumsifia. Wiki aliyoolewa nilimwambia mama kwamba kaka ametuletea mbishi, na jina likamganda. Mpaka leo majirani wakija mlangoni huuliza kama Mbishi yupo. Ni mtu aliyemrudishia seremala mlango kwa sababu chini uliacha mwanya wa kidole kimoja. Seremala akamwambia, mama, mwanya huo hakuna atakayeuona. Akamjibu, "Mimi nimeshauona." Mlango ulirudi karakana, ukaongezwa ubao, na tangu hapo yule seremala akituona njiani huvuka upande wa pili.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, bega kwa bega, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Mimi ndiye niliyempeleka. Nilidhani kelele za mashine zitamnyamazisha.

Kama hujawahi kuingia mahali kama pale, nikueleze. Mashuka yanatoka kufuliwa yakiwa bado mabichi, yanaletwa kwa toroli mpaka kwenye mashine ya kupigia pasi. Mashine hiyo ni magogo mawili marefu ya chuma yanayozunguka yakiwa yamebanana, moja limevikwa kitambaa kizito, lingine linachemka. Watu wawili wanasimama mbele yake, kila mmoja ameshika pembe yake ya shuka, mmoja anasema "haya", na shuka linaingia. Mimi nilisimama kushoto, wifi kulia. Nyuma ya mashine wawili wengine wanalipokea likiwa la moto, wanalikunja. Ukiachia kabla ya mwenzio, shuka linaingia upogo na kutoka na makunyanzi, na wale wanaokunja watakusema mpaka jioni. Kwa hiyo tukigombana nyumbani, na tuligombana sana, kazini ugomvi tuliuacha getini. Kuna wakati tulinuniana wiki mbili kwa ajili ya sufuria yangu aliyoirudisha imeungua, na wiki hizo mbili neno pekee tulilosemeshana ni "haya". Mashuka yalitoka yamenyooka.

Mbele ya magogo yale kuna fito ya chuma inayoning'inia, ndefu kama mashine yenyewe. Sisi tuliiita Mlinzi. Ukiisukuma kwa vidole, hata kidogo tu, mashine inasimama palepale. Aliyeibuni Mungu amlipe. Lakini shuka la hospitali lina pindo nene, na pindo likipita linamgusa Mlinzi, na mashine inasimama bila sababu. Asubuhi moja inaweza kusimama mara ishirini, na kila ikisimama unasubiri taa mbili ziwake ndipo uanze tena. Msimamizi wetu tulimwita Chapchap, maana hilo ndilo neno lililotoka kinywani mwake kuliko salamu. Chapchap akapata dawa yake: kipande cha foronya iliyochanika, kinafungwa upande wa kushoto, nyuma ya bomba, kinamvuta Mlinzi juu asiguswe na kitu chochote. "Anayefika kwanza amfunge," akasema. Hakuandika popote. Ikawa sehemu ya kazi, kama kuvaa aproni.

Tukafunga, wote. Wifi hakufunga. Siku aliyofika kwanza, Mlinzi alibaki chini. Siku aliyokuta nimeshafunga, alizunguka mpaka upande wangu, akafungua kile kitambaa, akakikunja vizuri na kukiweka dirishani. Nikimwambia atatuponza, alinijibu, "Vidole vyangu nilizaliwa navyo. Sikuvichukua stoo." Chapchap alimpa barua ya onyo. Akaisoma yote amesimama, akairudisha juu ya meza ya Chapchap, akaja kushika pembe yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Maji yalikatika mtaani kwao, akachelewa kwa kupanga foleni na ndoo, akafika kazini dakika sita baada ya kengele. Chapchap alikuwa mlangoni na saa yake. Akamwambia asizunguke popote, apite moja kwa moja, mwenzake anamsubiri. Na kweli nilikuwa namsubiri. Nilikuwa nimewahi, na nilikuwa nimeshamfunga Mlinzi, kwa mikono yangu hii miwili.

Shuka la tano au la sita lilikuwa na kunyanzi upande wake. Akafanya kile tunachofanya sote, akalinyoosha kwa ncha za vidole. Kitambaa kibichi hunata. Sikumsikia akilia, nilichoona ni shuka linavutwa kutoka mkononi mwangu huku upande wake hauendi. Kitufe chekundu cha kuzimia kiko ukutani, na siku ile mbele yake palikuwa na matenga mawili ya taulo. Niliyapindua yote mawili ndipo nikakifikia. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na cha tatu kimebaki lakini hakikunji.

Mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa nimekaa chumba cha kubadilishia nguo, aproni bado ina damu, Chapchap akanijia na ubao wake wa kusainia. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana aibu yangu iko hapa. Kila siku tulisaini karatasi za mafungu, mafungu mangapi ya mashuka, mangapi ya foronya, nani kapitisha. Ubao unakuja, kalamu imefungwa kwa uzi, unaweka sahihi pale kidole cha Chapchap kilipo, unaenda zako. Hakuna aliyesoma. Ukijifanya unasoma, wenzako nyuma wanaguna, basi linawaacha. Siku zote kidole chake kilitua mahali patatu. Siku ile kilitua mahali panne, nami nikasaini mara nne.

Miezi miwili baadaye barua ya kampuni ilifika nyumbani kwa kaka. Kaka yangu ni fundi viatu, mtu mpole kupita kiasi, akitukanwa huomba radhi. Barua ilisema kampuni, kwa huruma yake, itamrudisha mfanyakazi wake katika kazi nyepesi ya kuhesabu foronya, na itamsaidia matibabu. Yeye atasaini tu kwamba ajali ilitokana na uzembe wake mwenyewe. Wifi aliisoma akiwa amesimama dirishani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Huruma nimeiona," akasema. "Huo uzembe ndio siuoni."

"Mke wangu, ni maneno tu hayo," kaka akamwambia. "Saini, maisha yaendelee."

"Ya nani?"

Kaka akachukua kiatu alichokuwa akishona, akatoka nacho nje. Nami nikaingia na ubabe wangu wa uwifi. Nikamwambia ubishi hauliwi, kuhesabu foronya ni kazi, aache kujipa ukubwa. Sikumpaka mafuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho si kawaida yake, kisha akaniuliza, "Wewe ungesaini?" Nikasema ningesaini asubuhi na mapema. Akatikisa kichwa, akasema, "Najua."

Akatafuta wakili. Alikuwa binti mwembamba aliyebeba mafaili yake kwenye mfuko wa sokoni, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri, ngazi arobaini na mbili, wifi alizihesabu. Binti yule hakutudanganya hata kidogo, na kwa hilo namheshimu.

"Mama, sheria ya hapa kwetu ni ngumu," akasema. "Kwingine hakimu anagawa kosa, huyu sehemu kubwa, huyu sehemu ndogo, na fidia inafuata hivyo. Hapa hakuna kugawa. Wao wawe na kosa kama gunia, wewe ukikutwa na chembe moja tu, unatoka mikono mitupu."

"Mmoja na nusu," wifi akasema, akimwonyesha bandeji.

Wakili hakujua kama acheke. Akamwuliza, "Unayo hiyo chembe, mama?"

"Tuitafute," wifi akajibu. "Nikiiona nitakwambia."

Wakaanza. Barua zikaenda, majibu yakarudi yakiwa na mihuri. Muda huo wote mimi niliendelea na kazi, upande wangu wa kushoto, na mwenzangu mpya kulia. Wifi naye alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Aliandika nyuma ya kalenda za zamani, jina lake kamili, mistari kwa mistari, herufi zikilala hovyo mwanzoni kisha zikaanza kusimama. Nikamtania kwamba mwandiko wake sasa umepita wa kaka. Sikumwambia kitu kingine chochote, na kitu cha kumwambia nilikuwa nacho. Kila siku nilijiambia nitasema kesho.

Halafu siku moja alasiri wakili alikuja nyumbani mwenyewe. Alikuwa amepewa nakala za ushahidi wa kampuni. Akakataa kiti, akatoa karatasi moja kwenye mfuko wake, akaisoma kwa sauti. Mimi niliyeweka sahihi hapa chini, ilisema, mfanyakazi mwenza wa mdai, nathibitisha kwamba asubuhi ya ajali nilimwona mdai akiifunga fito ya usalama kwa kitambaa, kwa hiari yake, kinyume cha maagizo ya msimamizi. Kisha akaigeuza tuione. Sahihi ilikuwa yangu. Mkia wake naujua, huwa naukunja kama ndoana.

Kaka alinitazama kama mtu asiyemfahamu.

"Ulisoma?" wifi akauliza.

"Sikusoma."

"Kama kawaida," akasema, akainuka, akaenda uani kuosha vyombo.

Nikamfuata. Alikuwa anaosha kwa mkono mmoja, sahani ameibana kwenye ukingo wa beseni kwa kiwiko. Nikataka kumsaidia, akaivuta sahani. Basi nikasema yote nikiwa nimesimama. Nikamwambia aliyefunga ni mimi. Nikamwambia nilikuwa naogopa kazi yangu, naogopa kaka, namwogopa yeye kuliko wote. Nililia, tena kwa sauti, mimi ambaye kwenye misiba watu huja kuazima leso yangu, maana haijaloa.

"Najua ni wewe," wifi akasema. "Wewe ndiye uliyefika kwanza. Ningemdhania nani, bomba?"

"Mbona hukusema? Mwaka mzima?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe." Akanipa sahani nikaushe. "Umechelewa kuliko mimi siku ile ya maji."

Tuliporudi ndani wakili alikuwa bado amesimama. Nikamwambia nitakwenda mahakamani kusema ukweli. Akanieleza kitakachonipata, kwamba kampuni haitanifukuza kwa kusema kweli, itanifukuza kwa sababu nyingine itakayoitafuta wiki hiyohiyo. Nikasema sawa. Kisha akamgeukia wifi na kumwambia kwamba wakimkosa kwenye kufunga, watamkamata kwenye kujua. Watamwuliza kama siku ile alikagua.

"Sikukagua," wifi akasema.

"Siku zote ulikuwa unakagua," wakili akasema.

"Siku ile sikukagua. Nilikuwa nimechelewa, nikaambiwa nipite moja kwa moja, nikapita."

Wakili akafikicha macho. "Mama, hiyo wanaweza kuiita chembe."

Sasa mimi, ambaye nilikuwa nimetoka kulia kwa ajili ya karatasi ya uongo, nikamshauri wifi aseme uongo. Ndiyo nilivyo. Nikamwambia sema ulikagua ukaona pako sawa, nani atajua? Wifi alinitazama, si kwa hasira, kwa uchovu. "Wao wameandika uongo wakakupa usaini," akasema. "Na wewe unataka unipe mwingine nami nisaini. Nitakuwa na tofauti gani na ubao wa Chapchap?"

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, madirisha ya vioo vya kufungua kwa mpini, mpini mmoja haupo. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, ana karatasi laini kiganjani na sauti ya puani. Chapchap alikaa mbele yetu na suti iliyopigwa pasi vibaya. Wifi akaninong'oneza kwamba mgongoni imejikunja mistari mitatu. Nikapona hofu kidogo.

Nilipoitwa nilisema. Kwamba nilimfunga Mlinzi mimi, kwamba aliyeagiza ni Chapchap, kwamba wote tulifunga na wifi peke yake hakufunga. Wakili wa kampuni alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba shingoni, mpole wa kutisha. Akanionyesha karatasi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo siku ile ulisaini uongo, na leo unataka tukuamini."

"Nilisaini karatasi," nikasema. "Uongo nimekuja kuukuta humo baadaye."

"Hujui kusoma?"

"Najua sana. Kazini ndiko tulikokuwa hatusomi. Mwulize yule pale, kidole chake ndicho kilichokuwa kinatusomea."

Hakimu akasema nijibu niliyoulizwa tu. Lakini aliandika.

Mzee yule akaona nimemharibia, akageukia tabia ya wifi. Akatoa barua ile ya onyo, akasema mdai ni mtu mgomvi, mkaidi, aliyewahi kuonywa kwa kuchelewesha kazi. Akampandisha Chapchap athibitishe. Chapchap akathibitisha kwa raha, kifua mbele. Ndipo hakimu, akipangusa pua, akamwuliza bila hata kuinua macho kutoka kwenye daftari, "Alichelewesha vipi?"

"Mheshimiwa, kila asubuhi alikuwa anafungua kitambaa, mashine inasimamasimama."

"Kitambaa kipi?"

Chapchap akafungua mdomo. Akamtazama mzee wa miwani, mzee akatazama dirisha lisilo na mpini. Hakimu akainua kichwa sasa. Akarudia swali lake polepole, na Chapchap, ambaye maisha yake yote alituambia chapchap, alichukua muda mrefu kuliko taa mbili za mashine. Mwisho akasema ni kitambaa cha kuinulia fito. Nikabana mkono wa wifi, ule mzima, na yeye akanibana mpaka nikaumia.

Kisha akapandishwa yeye. Mzee aliacha mambo ya kufunga kana kwamba hayajawahi kuwepo, akaenda moja kwa moja pale wakili wetu aliposema atakwenda.

"Mama, ulijua kwamba fito hiyo huwa inafungwa?"

"Nilijua."

"Siku ile ulikagua kabla ya kuanza kazi?"

"Sikukagua."

Mzee akamgeukia hakimu. Alikuwa ameshapata chembe yake, ilionekana kwenye miwani. Kaka aliinamisha kichwa. Lakini wifi hakuwa amemaliza.

"Nilikagua miaka," akasema. "Nikifungua, mnaniandikia barua kwamba naharibu kazi. Siku moja nimepita bila kukagua, kwa amri ya huyohuyo aliyeniandikia, mnaniambia kosa langu ni kutokukagua. Chagueni moja. Mlitaka nikague au mlitaka nisikague?"

Mzee akasema yeye ndiye anayeuliza maswali. Wifi akasema sawa, anasubiri. Hakimu akakohoa, akaahirisha shauri kwa wiki mbili kwa ajili ya uamuzi. Wiki ile mimi nikakuta getini jina langu limefutwa kwenye orodha, sababu ni kupunguza wafanyakazi. Walipunguza mmoja.

Siku nne kabla ya uamuzi kampuni iliomba suluhu. Tukaitwa ofisini kwa mzee wa miwani, mimi nikaenda kwa sababu wifi alisema nisipokwenda haendi. Ilikuwa ofisi ya ghorofani yenye zulia, meza ya kioo, chupa za maji zimepangwa. Kiasi cha fidia kilikuwa kile alichodai wakili wetu, bila kupunguzwa. Kaka alipokisikia alishika ukingo wa meza. Karatasi zikawekwa, kurasa nne, na kalamu juu yake ikiwa imeshafunguliwa.

Wifi akaanza kusoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaugeuza. Akasoma wa pili. Karani aliangalia saa. Kaka akajikohoza. Kwenye wa tatu akasimamisha kidole, akamsogezea wakili wetu.

"Hii umeiona?"

Wakili akainama, na masikio yake yakabadilika rangi. Rasimu aliyoisoma jana yake haikuwa na mstari huo. Ulisema: Mdai anakiri kwamba, kwa sehemu ndogo, alichangia kutokea kwa ajali hiyo.

"Ni lugha ya kawaida ya kisheria," mzee akasema. "Fidia haibadiliki hata kidogo, mama."

"Hii sehemu ni ndogo kiasi gani?"

"Ndogo sana."

"Basi itoeni," wifi akasema. "Kwa udogo huo hamtaona pengo."

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema kampuni ina heshima yake, na bila mstari huo hakuna suluhu. Wakili wetu akamvuta wifi pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na tulisikia sote. Akamwambia ukweli kama kawaida yake. Kwamba wakirudi kwa hakimu lolote linaweza kutokea. Kwamba kwa kinywa chake amesema hakukagua. Kwamba hakimu akiona chembe, hata kwa huzuni, yeye atatoka bila kitu, na gharama za kesi juu yake. Na hapa mezani kila kitu kipo, kimeandikwa.

"Mke wangu," kaka akasema.

Wifi akaiweka kalamu chini. Akasema alitia mkono kwenye mashine yao kwa miaka kumi na miwili na hajawahi kuwaachia shuka upogo hata moja. Akasema vidole wamechukua, na hilo halirudi, lakini hatawaandikia kwa mkono uliobaki kwamba aliwapa. "Turudi kwa hakimu," akasema, akasimama.

Nikwambie nilivyojisikia. Nilikuwa sina kazi, kaka hana cha maana, na pale mezani palikuwa na ada za shule na paa jipya na mwaka mzima wa kupumua. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nimwambie asaini, afumbe macho, asaini kama tulivyosaini siku zote. Nikaona ile kalamu. Nikachukua mkoba wangu, nikasimama kabla ya kaka, nikasema, "Twende."

Tulifika kwenye lifti. Karani ndiye aliyetuita, akikimbia juu ya zulia. Mzee alikuwa amepiga simu, na huko alikopiga hawakutaka kusikia maneno ya Chapchap yakisomwa kwenye hukumu. Tukarudi tukakaa. Mashine ya kuchapia ikanguruma chumba cha pili, na karatasi mpya zikaletwa, bado zina joto.

Mzee hakupoteza muda. Akafunua mpaka ukurasa wa nne, akaweka kidole chini kabisa, penye mstari wa sahihi. "Hapa tu, mama. Mstari wako umetoka, kwingine hapajaguswa."

Wifi akakitazama kile kidole. Mimi pia nilikitazama, nikakijua. Akakishika kwa mkono wake wa kushoto, kwa adabu kabisa, akakiondoa juu ya karatasi, akarudisha kurasa zote mpaka wa kwanza. Mzee akasema ofisi inafunga kwa chakula cha mchana. Wifi akasema wale tu, wasimwonee haya.

Kisha akasogeza karatasi katikati, kati yake na mimi. Nikavuta kiti. Tukasoma kimya, yeye kulia, mimi kushoto, kila mmoja ameshika pembe yake. Alifika chini kabla yangu, akanisubiri. Nilipomaliza mstari wa mwisho nikasema, "Haya," naye akafungua ukurasa wa pili.